Volti 12.6 za choya: kisa cha taa za bweni Rungwe

Shule moja ya sekondari ya bweni wilayani Rungwe ilikuwa imekusanya michango ya wazazi kwa ajili ya taa za sola kwenye bweni la wasichana. Umeme wa gridi unafika pale, ila msimu wa mvua kubwa hukatika jioni, wakati ule ule wanafunzi wanapojisomea, na bweni linabaki na tochi na mishumaa ambayo kila matroni anaiogopa. Paneli zilikuwa bado hazijanunuliwa pale klabu ya sayansi ilipowaonyesha wazazi kitu kilichobadili mazungumzo yote: seli sita za vioo vilivyotiwa rangi ya choya (rozela, ile nyekundu ya kutengenezea juisi), zimeunganishwa kwa nyaya, na kwa jua la saa sita taa ndogo nyekundu ikawaka.

Wazazi walipiga makofi, na walikuwa na haki. Kisha mwanafunzi wa kidato cha tano akaandika hesabu ubaoni. Kila seli inatoa volti 0.42. Seli 30 zikiungwa mfululizo zinatoa volti 12.6, na hiyo ndiyo volti ya betri ya gari iliyojaa. Choya inapatikana sokoni Tukuyu. Kwa nini basi shule inunue paneli zilizotengenezwa mbali? Mjumbe mmoja wa bodi akapendekeza fedha zote ziagize vioo maalumu, klabu itengeneze seli zake, na shule iwe ya kwanza kuwasha bweni kwa umeme wa mimea.

Mkuu wa shule hakutaka kusaini wala kukataa bila ushauri, na ndipo nilipoitwa, kwa kuwa kazi yangu ni kupima na kufunga mifumo ya sola huku nyanda za juu. Nakiandika kisa hiki kwa sababu hesabu ile ya ubaoni nimeikuta pia kwa watu wazima, tena wenye bisibisi mkononi, na kwa sababu vijana wale walistahili jibu lenye vipimo. "Haiwezekani" ya mkato ingewavunja moyo bila kuwafundisha kitu.

Walichokitengeneza

Seli hii ina ukoo wa heshima. Mwaka 1991 Brian O'Regan na Michael Grätzel, wakiwa Lausanne, Uswisi, walichapisha seli ya jua ambayo kazi ya kunasa mwanga inafanywa na rangi, na kazi ya kubeba elektroni inafanywa na kitu kingine. Kwenye paneli ya kawaida silikoni hufanya kazi zote mbili peke yake, na ndiyo maana lazima iwe safi mno. Ukizigawa kazi hizo, vitu vya bei nafuu na visivyo safi sana vinaweza kushiriki. Jani nalo limezigawa hivyo hivyo, na Grätzel hakuficha kwamba usanisinuru ndio uliompa mwelekeo.

Wanafunzi walianza na kioo ambacho upande mmoja una tabaka jembamba la oksaidi ya bati, lisiloonekana lakini linalopitisha umeme. Juu yake walipaka rojo la titani dioksaidi, unga mweupe wa ukoo ule ule unaotia weupe kwenye rangi za ukuta na dawa za meno, ila wenye chembe ndogo zaidi, za makumi machache ya nanomita. Rojo hilo huchomwa kwenye joto la nyuzi 450 hivi. Hawakuwa na tanuri, wakatumia jiko la mkaa na bamba nene la chuma, wakisubiri rojo ligeuke kahawia na kisha lirudi kuwa jeupe, dalili kwamba vitu vya kaboni vimeungua na chembe za titani zimeshikana. Kazi hiyo waliifanya vizuri kuliko nilivyotarajia. Tabaka likiwa na vitundu namna hiyo, eneo lake la ndani huwa mamia ya mara ya eneo la kioo, na rangi hupata mahali pengi pa kushika.

Kioo kikazamishwa kwenye maji ya choya. Rangi nyekundu ya choya ni anthosayanini, na molekuli zake zina vikundi vya oksijeni na hidrojeni vilivyokaa jirani, vinavyoishika atomu ya titani kwa nguvu. Mwanga ukiipiga rangi, elektroni yake hurukia kwenye titani kwa muda mfupi usiosemeka, hupita kwenye kioo, nyaya na taa, kisha hurudi upande wa pili, kwenye kioo kilichosuguliwa kwa penseli. Katikati kuna majimaji yenye ayodini yanayoichukua elektroni hapo na kuirudishia rangi ili iwe tayari kwa mwanga mwingine.

Daftari la klabu lilikuwa na mstari uliosema tu, "Mchicha haufai." Walikuwa wamejaribu kijani cha mchicha kabla ya choya na wakapata karibu sifuri. Sababu inafaa kuandikwa. Umbijani, ile rangi ya kijani ya majani, hunasa mwanga vizuri sana, lakini hauna vile vikundi vya kushikia titani, kwa hiyo sehemu kubwa huelea na kuoshwa. Ndani ya jani umbijani haushiki chochote peke yake: umepachikwa ndani ya protini zinazoupanga kwa nafasi na pembe maalumu. Ukiutwanga kwenye kinu, mpangilio huo umekwenda.

Kipimo kilichokosekana

Niliomba mita na rizista, vile vipande vinavyozuia mkondo kwa kiasi kinachojulikana. Mpaka hapo klabu ilikuwa imepima volti pekee, tena seli ikiwa haijaunganishwa na kitu. Kwa Rungwe mfano ni rahisi, maana vijiji vingi vinakunywa maji ya mserereko: tangi likiwa juu ya kilima, presha bombani ni kubwa hata kama chemchemi inayolijaza inatoa matone. Ukifunga koki, kipimo cha presha hakikuambii ndoo ngapi utapata kwa saa. Volti ya seli isiyo na mzigo ni presha ya koki iliyofungwa.

Tukaiweka seli moja, yenye eneo la sentimita 4 za mraba, kwenye jua kali, tukabadilisha rizista moja baada ya nyingine. Kwa rizista kubwa volti ilibaki karibu 0.42 na mkondo ulikuwa kiduchu. Tulipounganisha ncha mbili za seli kwa waya moja kwa moja, mkondo ulifika miliampia 2 na volti ikaanguka hadi sifuri. Nguvu kubwa zaidi ilipatikana katikati, kwenye rizista ya omu 180, ambapo volti ilisoma 0.25. Zidisha 0.25 kwa 0.25, gawanya kwa 180: takriban miliwati 0.35.

Hapo nikamwachia chaki mwanafunzi yule yule. Seli 30 ni kama miliwati 10. Taa moja ya LED ya bweni inahitaji wati 5, yaani miliwati 5,000. Akagawanya na kupata seli zaidi ya 14,000 kwa taa moja, tena jua la adhuhuri likiwa linawaka wakati huo huo. Darasa likanyamaza. Yeye akaendelea bila kuambiwa: seli 30 zenye jumla ya volti 12.6 zisingepeleka mkondo wowote kwenye betri yenye volti 12.6, kwa sababu chaja lazima iwe juu ya betri, volti 14 hivi, na ziwe 14 mzigo ukiwa umeshaunganishwa. Ile taa nyekundu ya maonyesho iliwaka kwa sababu LED ndogo huonekana hata kwa sehemu ya miliampia moja.

Jua kamili huleta takriban miliwati 100 kwa kila sentimita ya mraba. Seli ya choya ilikuwa inarudisha chini ya 0.09, yaani ufanisi usiofika hata asilimia 0.1. Kipande cha silikoni cha eneo lile lile, kwa ufanisi wa asilimia 20, kingetoa kama miliwati 80. Tofauti ni zaidi ya mara 200.

Mwalimu wa kemia alikuwa amesoma kwamba seli za Grätzel zilifika asilimia 7 tangu mwanzo, akauliza kwa nini hizi ziko chini namna hii. Asilimia hizo ni za kweli, ila zilipatikana kwa rangi iliyoundwa maabara yenye metali adimu ya rutheni, inayonasa sehemu pana ya mwanga na kuivumilia kazi hiyo mara mamilioni. Rangi za mimea, hata mikononi mwa watafiti wenye vifaa vyote, kwa kawaida huishia asilimia 1 au 2. Mtu akisoma habari mbili, moja ya asilimia na moja ya matunda, ni rahisi kuziunganisha kuwa habari moja. Naamini huko ndiko pendekezo la bodi lilikozaliwa, bila nia mbaya ya mtu yeyote.

Hoja ya mawingu

Hoja nzito zaidi ilitoka kwa mjumbe wa bodi, mkulima wa chai, mtu mwenye kujali sana elimu ya wasichana. Alisema Rungwe si Dodoma. Hapa kuna sehemu zinazopata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, ukungu unashuka mchana, na amesikia kwamba seli za rangi hufanya kazi vizuri kwenye mwanga hafifu. Klabu ilikuwa na ushahidi: wingu lilipopita, volti ilishuka kutoka 0.42 hadi 0.36 tu.

Alichosikia kina ukweli ndani yake. Seli za rangi zilizotengenezwa vizuri hazipotezi ufanisi wake haraka mwanga unapopungua, na ndani ya nyumba, chini ya taa, zimefanya maajabu: mwaka 2017 watafiti wakiongozwa na Marina Freitag walitangaza ufanisi wa zaidi ya asilimia 28 kwenye mwanga wa taa za ndani. Asilimia hiyo, hata hivyo, ni ya mwanga mdogo sana, kwa hiyo nguvu inayopatikana inatosha kihisio cha joto au saa ya ukutani. Kwa taa za bweni haitoshi hata kidogo.

Kuhusu volti ya 0.36, nilipendekeza tuweke kando yake kitu cha kulinganisha. Tulikuwa na kipande cha silikoni kutoka kwenye kikokotoo kibovu. Wingu likaja, kama linavyokuja kila mara huko, na volti ya silikoni nayo ikashuka kidogo tu. Mikondo yote miwili ndiyo iliyoporomoka. Katika seli yoyote ya jua volti hushuka polepole sana: mwanga ukipungua mara kumi, seli moja hupoteza sehemu ndogo ya volti, lakini mkondo hupungua karibu mara kumi vile vile. Mtu anayepima volti peke yake ataamini kwamba kila seli duniani inapenda mawingu.

Kuna jambo jingine la kwetu ambalo sikulisikia likisemwa na mtu pale. Paneli ya silikoni hupoteza kama asilimia 0.4 ya nguvu kwa kila nyuzi joto inayozidi 25 kwenye seli zenyewe. Kwenye joto la Dar es Salaam hasara hiyo inaumiza, na ndipo seli za rangi, zisizosumbuliwa sana na joto, zinapata hoja. Tukuyu, Makete na Njombe baridi inaisaidia silikoni. Nyanda za juu zina mawingu, ndiyo, lakini jua linapotoka paneli hufanya kazi ikiwa imepoa.

"Kwa nini choya yetu imechoka?"

Wiki moja baada ya maonyesho taa nyekundu haikuwaka tena. Wanafunzi walidhani nyaya zimelegea. Tulifanya jaribio dogo: tone la majimaji mapya ya ayodini kwenye ukingo wa seli iliyokufa. Mkondo ukarudi, lakini nusu tu. Nusu iliyorudi inaonyesha kwamba majimaji yalikuwa yamekauka kupitia kingo zilizobanwa kwa vibanio vya karatasi. Nusu iliyopotea ni rangi yenyewe. Walipoifungua seli, wekundu ulikuwa umefifia katikati, mahali palipopigwa na jua, na kingoni ulikuwa bado umekolea.

Titani dioksaidi ina tabia inayowasumbua watafiti wote wa seli hizi: ikipigwa na mionzi ya urujuanimno, huanza kuichoma rangi iliyoishika. Kwenye miinuko kama ya Rungwe mionzi hiyo ni mikali kuliko pwani. Seli zile zilikuwa zinajiunguza kadiri zinavyofanya kazi.

Hapo msichana mmoja wa mchepuo wa biolojia aliuliza swali ambalo kwangu ndilo bora kuliko yote ya siku ile. "Fundi, jani la mchai linakaa juani miezi na miezi. Lina rangi pia. Kwa nini lenyewe halichoki, na choya yetu imechoka ndani ya wiki?"

Jani linachoka. Linachoka kila siku, kila saa. Ndani ya mtambo wake wa kupasua maji kuna protini iitwayo D1 ambayo mwanga huiharibu bila kukoma, na kwenye jua kali inaweza kudumu chini ya saa moja kabla ya kung'olewa na kuwekwa mpya. Jani linaishi kwa kujitengeneza. Sisi tulichukua rangi tukaacha fundi wake, kiwanda chake cha protini, maji yake na chakula kinacholipia ukarabati huo. Ndiyo maana nasita kila nikisikia mtu akisema tuige jani, halafu anamaanisha kulikamua juisi.

Nikamwambia pia jambo linalowashangaza wengi. Hatua ya kwanza ndani ya jani ni kamilifu kiasi cha kutisha: karibu kila chembe ya mwanga iliyonaswa hung'oa elektroni moja. Lakini ukipima nishati iliyobaki kwenye mmea mwishoni, kikomo cha kinadharia ni kama asilimia 4.6 kwa maharage na viazi, na 6 kwa mahindi, na shambani huwa chini ya hapo sana. Nyingi hupotea njiani, na sehemu hutumika kuishi. Paneli haiishi, haikui, haizai, kwa hiyo umeme wote inaoupata inaweza kuutupa kwenye waya.

Wapo wanaojaribu kuutumia mmea ukiwa hai. Mwaka 2022 watafiti wa Cambridge, Uingereza, walieleza jinsi bakteria wa kijani-buluu aina ya Synechocystis, ndani ya kisanduku cha ukubwa wa betri ya AA, walivyoendesha kichakataji kidogo cha kompyuta kwa zaidi ya miezi sita, usiku na mchana. Umeme wenyewe ulikuwa wa sehemu za miliwati, tena sehemu ndogo mno. Lakini haukufa kwa wiki moja, kwa sababu waliokuwa wakiutoa walikuwa wakijikarabati. Msichana yule aliandika neno Synechocystis kwenye kiganja chake.

Seli za plastiki za kaboni ni tawi jingine la ukoo huu. Ching Tang alionyesha mwaka 1986 seli ya tabaka mbili za rangi za kaboni yenye ufanisi wa karibu asilimia 1, na leo maabara zimefika asilimia 20 hivi. Bado shida yao kubwa ni kudumu nje, kwenye jua na unyevu, na hakuna niliyoweza kuishauri shule iinunue.

Uamuzi

Bweni lilihitaji taa 12 za wati 5 kwa saa 4 za jioni, yaani watisaa 240. Kwa miezi ya mvua nilihesabu saa 3 tu za jua kamili kwa siku, na nikaruhusu theluthi moja hivi ipotee njiani. Hiyo inadai paneli ya wati 120 hivi, nikapendekeza 150. Betri ya lithiamu ya volti 12.8 na ampiasaa 50 inabeba jioni mbili bila kuikausha. Na kwa kuwa gridi ipo, nilimwambia mkuu waziwazi kwamba betri ndiyo moyo wa mfumo, paneli ni msaidizi wake: achague chaja inayopokea pande zote mbili, ili wiki ya ukungu isiwaache watoto gizani wakati umeme ulikuwepo mchana kutwa. Paneli ielekee kaskazini kwa mwinamo wa nyuzi 15 hivi, mvua iioshe yenyewe.

Mjumbe aliyependekeza vioo aliuliza kama basi kazi ya klabu ilikuwa bure. Nilimjibu kwa nguvu kuliko nilivyokusudia. Ni wapi pengine mwanafunzi wa sekondari anaweza, kwa jiko la mkaa na mboga za sokoni, kugusa kwa mkono wake fizikia ya elektroni, kemia ya rangi na biolojia ya jani katika kipande kimoja cha kioo? Nilishauri bodi itenge sehemu ndogo ya fedha kwa vioo vya ziada na rizista, na bodi ikakubali. Sharti lilikuwa moja: kila ukurasa wa daftari uwe na safu ya volti, ya mkondo chini ya mzigo, ya hali ya mwanga na ya umri wa seli.

Klabu ikajitafutia kazi yenyewe. Mkondo wa seli hupanda na kushuka sambamba na mwanga, kwa hiyo seli ya choya inaweza kuwa kipima kivuli, na kuna vitalu vya miche ya parachichi jirani na shule ambavyo wenyewe hukisia kwa macho wavu uwe mzito kiasi gani. Kikwazo ni kule kufifia: seli inayochoka itasema kivuli kimeongezeka wakati ni yenyewe imedhoofika. Wanachofanya sasa ni kuipima kila asubuhi kando ya kile kipande cha silikoni cha kikokotoo na kuandika uwiano wa mikondo miwili. Kingo wameacha kuzibana kwa vibanio, wanaziba kwa gundi ya moto, na mbele ya kioo wanaweka karatasi ya plastiki ya manjano ili kupunguza urujuanimno. Mkondo umeshuka kidogo kwa sababu ya plastiki hiyo, na mjadala unaoendelea klabuni ni kama siku zinazoongezeka kwenye uhai wa seli zinastahili hasara hiyo.